Kabla Hujamleta Jack Russell Nyumbani

Anayetafuta mbwa wa familia mjini huanza na kimo. Nyumba ni ndogo, ua ni wa hatua chache, watoto bado wadogo, basi na mbwa naye awe mdogo. Hoja hiyo ndiyo inayowafikisha wengi kwa Jack Russell, yule mbwa mweupe mwenye mabaka ya kahawia au meusi kichwani, masikio yaliyokunjika kwa mbele na mkia uliosimama wima. Sura yake inavutia, ni mchangamfu, uzito wake ni kilo 5 au 6 tu, na Nairobi, Arusha au Dar es Salaam hakosekani. Miezi sita baadaye baadhi ya wanunuzi hao wanatafuta mtu wa kumpa. Bustani imefukuliwa, kuku wa jirani wameuawa, na wapangaji wenzao hawalali kwa kelele. Mbwa huyo hana kosa. Alipimwa kwa kimo, wakati ilipasa apimwe kwa kazi aliyozaliwa nayo.

Kazi yenyewe ilianzia Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kasisi John Russell, aliyezaliwa mwaka 1795 na baadaye akawa mchungaji wa parokia ya Swimbridge, alikuwa na mapenzi makubwa na uwindaji wa mbweha. Mwaka 1819, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alimnunua kwa muuza maziwa mbwa jike mweupe aitwaye Trump, na kwa jike huyo akaanza kuzalisha mbwa wa namna aliyoitaka. Wawindaji wa siku hizo walipanda farasi wakifuata kundi la mbwa wakubwa. Mbweha akizidiwa aliingia shimoni, na mbwa mkubwa akabaki kunusa mlangoni. Hapo ndipo alipohitajika mbwa mdogo mwenye kifua chembamba cha kupenya tundu, pumzi ya kwenda na farasi siku nzima, moyo wa kumkabili gizani mnyama aliyebanwa, na sauti ya kubweka bila kukoma mpaka watu walioko juu wajue wachimbe wapi. Weupe wake ulisaidia asije akadhaniwa ni mbweha.

Sasa zirudie sifa hizo ukiwa umekaa sebuleni kwako. Kuchimba, ambako kwako ni uharibifu wa maua, kwake ndiko kulikompa babu yake chakula. Kubweka vilevile. Na ule ukaidi unaowachosha watu una sababu nzuri kuliko zote: chini ya ardhi hakuna bwana wa kumwamuru, mbwa huamua peke yake, asipojiamini anakufa. Karne mbili za kuchagua mbwa wa namna hiyo hazifutiki kwa sababu mtoto amelala naye kwenye zulia. Ukilikubali hilo mapema, mengine yote yanayofuata katika makala haya yatakuwa mepesi.

Jina lenyewe lina matawi mawili, na ni vizuri mnunuzi ajue. Yupo Parson Russell, mwenye miguu mirefu, kimo cha sentimita 33 hadi 36 begani, na yupo Jack Russell wa sentimita 25 hadi 30, ambaye umbo lake lilikamilishwa Australia, akatambuliwa rasmi na shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, mwaka 2003, na Uingereza kwenyewe mwaka 2016. Hapa kwetu wote wawili huuzwa kwa jina moja, na wengine ni mchanganyiko usiojulikana wa mbwa watatu au wanne. Hilo silioni kuwa baya. Ninachokushauri uangalie ni miguu ya mbele: ikiwa imepinda kama upinde na mwili umekuwa mrefu kupita kiasi, huyo amezalishwa bila uangalifu, na viungo vyake vitamsumbua uzeeni.

Katika jamii ya teria wadogo, yaani mbwa wa kuwinda mashimoni kama huyu, wapo wengine unaoweza kuwakuta. Yorkshire ni mdogo zaidi na nywele zake ndefu zinataka kuchanwa kila siku. West Highland, mweupe mtupu, anasumbuliwa sana na mzio wa ngozi, jambo ambalo kwenye joto na viroboto wa Pwani si la kupuuza. Lakini ninayemjua vizuri na ninayekutana naye mara nyingi kwenye nyumba za wasomaji ni Jack Russell, kwa hiyo nitabaki naye.

Nianze na nyumba zisizomfaa. Ikiwa baba na mama wanaondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja usiku, watoto wako shule ya bweni, na mbwa atafungiwa bandani mpaka usiku aachiliwe awe mlinzi, usimchukue. Mbwa huyu akikaa bila kazi hujitafutia kazi, na hutaipenda. Ikiwa unafuga kuku, sungura au simbilisi wanaozunguka uani, fikiri mara mbili. Hata aliyelelewa nao tangu utotoni anaweza siku moja kuona kifaranga kinakimbia na damu ikamchemka. Ikiwa unaishi fleti yenye kuta nyembamba, soma kwanza mkataba wa upangaji, kisha uzungumze na wa juu na wa chini yako. Na ikiwa nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitano hivi, ushauri wangu ni kungoja. Si kwamba mbwa huyu ana chuki na watoto, anawapenda sana. Tatizo ni kwamba hana uvumilivu wa kuvutwa mkia na kukaliwa mgongoni, na mtoto wa miaka miwili hana namna ya kujua hilo.

Lipo na la imani, ambalo makala nyingi za mbwa hulikwepa. Sehemu kubwa ya Waislamu wa Pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, na humo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo au nguo iliyoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Jack Russell anaruka. Anamlamba mgeni kabla hujamtambulisha. Ukikaa na majirani Waislamu kwenye ua mmoja, au bibi anayeswali anakuja kukaa nawe, lazima mbwa awe na mahali pake panapofungwa, asikanyage mkeka wa mtu wala asifikie nguo zilizoanikwa. Kumwambia jirani "mbwa wangu hana neno" si jibu. Ujirani ulikuwepo kabla ya mbwa.

Nyumba inayomfaa ipo pia, na akiipata ni furaha tupu. Ni ile yenye watoto wa shule ya msingi na kuendelea wanaocheza mpira jioni, yenye mtu mmoja angalau anayetembea au kukimbia asubuhi, yenye uzio usiopitika, na yenye mtu mzima aliyekubali kwa kinywa chake kwamba mbwa ni wake. Hili la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine. Watoto huahidi kumlisha na kumtembeza, nao wanaamini ahadi yao. Baada ya wiki kadhaa kazi yote inamwangukia dada wa kazi, ambaye hakuulizwa, pengine anaogopa mbwa, na hakuongezewa hata senti. Ikiwa ndivyo itakavyokuwa kwako, mwulize kwanza, mwelekeze na umlipe. Mbwa anayelelewa na mtu asiyemtaka hujua, na tabia yake huharibika.

Kuhusu kununua, usimnunue kando ya barabara. Watoto wa mbwa wanaoshikwa mkononi kwenye foleni za magari, au wanaouzwa kwa picha za simu na kuletwa kwenye maegesho, mara nyingi wametolewa kwa mama mapema mno, na wengi tayari wana minyoo, viroboto, au ugonjwa wa parvo ambao utajitokeza siku ya tatu ukiwa tayari umelipa. Nenda alikozaliwa. Mwone mama yake, na umwone akiwa na wanawe. Mama mwoga anayejificha au anayetaka kung'ata kila mgeni amekwisha kuwafundisha wanawe mengi kabla hujafika. Mwombe mwuzaji tarehe ya kuzaliwa, na usikubali kumchukua kabla ya wiki 8. Wiki zile za mwanzo, akicheza na ndugu zake, ndimo mtoto wa mbwa hujifunza kuubana mdomo wake anapong'ata. Anayekosa somo hilo humwumiza mtoto wako bila kukusudia.

Ukiwa hapo, weka mtoto wa mbwa chini na umwangalie anavyotembea. Kisha simama nyuma yake pasipo yeye kukuona na upige makofi mara moja. Mbwa weupe wa aina hii huzaliwa viziwi mara nyingi zaidi kuliko wenye rangi, na kiziwi akiwa na ndugu zake haonekani, kwa sababu huwafuata wao. Mtenge ndipo umjaribu. Tazama macho, pua, sehemu ya haja, tumbo. Tumbo lililojaa kama mpira ilhali mbavu zinaonekana ni minyoo.

Yapo maradhi matatu ya kurithi ambayo ni haki yako kuyaulizia. La kwanza ni la goti: kifuniko cha goti huteleza kutoka mahali pake, na utamwona mbwa akikimbia ghafla anaruka na mguu mmoja wa nyuma ukiwa umekunjwa, halafu anaendelea kama kawaida. Watu hucheka wakidhani ni mbwembwe. La pili huwapata wangali wachanga, kabla ya kutimiza mwaka: kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu na kuanza kuoza, mbwa akachechemea na misuli ya mguu ikasinyaa, tiba yake ni upasuaji. La tatu ndilo la haraka. Lenzi ya jicho hung'oka kwenye nyuzi zinazoishikilia, kwa kawaida mbwa akiwa na miaka kati ya 3 na 8, na shinikizo ndani ya jicho likapanda. Jicho jekundu, linalofumbwa kwa maumivu, lenye ukungu wa bluu, halingoji Jumatatu. Ni suala la saa. Kipimo cha vinasaba cha kuonyesha wanaobeba ugonjwa huo kipo, na wazalishaji makini huwapima wazazi. Ukimwuliza mwuzaji kuhusu hayo akakasirika, umepata jibu.

Na pia si lazima awe mtoto, wala si lazima awe wa ukoo. Makao ya wanyama kama yale ya KSPCA jijini Nairobi hupokea mbwa wengi waliotolewa na familia, na miongoni mwao hutokea teria waliokwisha kukua, wenye tabia inayoonekana wazi. Mbwa wa miaka mitatu aliyekwisha kujua kujisaidia nje ni zawadi kwa familia yenye shughuli nyingi. Nimewaona pia machotara wa Jack Russell na mbwa wetu wa kienyeji, na wengi wao ni watulivu kidogo na wagumu zaidi wa mwili. Kama mtu angenitaka nimchagulie bila kujua lolote jingine kumhusu, ningemchagulia chotara wa namna hiyo.

Kabla mbwa hajaingia, zunguka uzio wako ukiwa umechuchumaa. Ua wa kayaba, ambao kutoka juu unaonekana kama ukuta, chini una matundu ambayo kifua cha Jack Russell kinapita bila shida. Lango lenye nafasi ya ngumi mbili chini halimzuii. Zika waya au mawe chini ya uzio, kina cha sentimita 30 hivi, hasa kwenye pembe, maana huko ndiko anakoanzia kuchimba. Kisha mpe mahali anaporuhusiwa kuchimba. Kona moja ya ua, ilegeze udongo au mwaga mchanga, fukia humo mfupa mbichi mkubwa, mpira, kipande cha nyama kavu, na umwite ashuhudie unapofukia. Atarudi hapo kila siku, na mchicha wako utapona. Ukiwa Pwani, mchanga huo uwe juani pakavu: yuko nzi anayetaga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia chini ya ngozi ya mbwa na ya mtu vilevile.

Chanjo zinaanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka apite wiki 16. Mpaka hapo usimtembeze barabarani wala mahali wanapopita mbwa wengine, lakini mbebe mikononi umwonyeshe dunia: pikipiki, watoto wa sare, mzee mwenye fimbo, mwanamke wa buibui, mvua ikipiga bati. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, anachokizoea hakitamtisha ukubwani. Dawa ya minyoo anapewa kila wiki mbili mpaka afikishe miezi mitatu, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, na ukubwani kila miezi mitatu, kwa sababu minyoo hiyo huwaingia watoto wako wanaocheza uani.

Chanjo ya kichaa cha mbwa anachomwa akiwa na miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Shirika la Afya Duniani na washirika wake wameweka mwaka 2030 kuwa kikomo cha vifo vya watu kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa, na karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani wameng'atwa na mbwa. Teria anahitaji chanjo hii kuliko mbwa wa kochi, kwa kuwa yeye hamkwepi mnyama pori: nguchiro au bweha akiingia uani, atamkabili. Tunza cheti. Na mtoto aking'atwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama alama ni ndogo.

Lipo jingine linalomhusu mwua panya. Wengi humtaka Jack Russell kwa ajili ya panya, na kweli anawamaliza. Anamshika shingoni, anamtikisa mara moja, amekwisha. Lakini mkojo wa panya hubeba leptospira, vimelea vya ugonjwa ambao Watanzania waliujua kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022. Huharibu ini na figo za mbwa, na kutoka kwake unaweza kumfikia binadamu. Mwulize daktari wa mifugo kama chanjo ya mchanganyiko anayomchoma ina kinga ya leptospira. Zipo zenye nayo na zisizo nayo. Jambo la pili, huwezi kuwa na teria na sumu ya panya katika nyumba moja. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda, na mbwa anayemla panya aliyekula sumu huanza kuvuja damu siku kadhaa baadaye, wakati umeshasahau. Chagua mmoja wao.

Nyoka pia. Mbwa mkubwa hubweka kwa mbali. Huyu huingia vitani. Fyeka nyasi, ondoa marundo ya matofali na kuni karibu na nyumba. Akitemewa mate na swila, mwoshe macho kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha daktari. Akiumwa, mbebe, asitembee, usimchanje wala usimfunge kamba ya kubana, na uende.

Kuhusu kupe nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndio wanaowaua mbwa wa kizungu wengi katika nchi zetu. Kila jioni mpapase: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, makwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Rangi nyeupe na manyoya mafupi vinakurahisishia. Mbwa akikataa chakula, akawa na homa, ufizi ukapauka na mkojo ukatoka mwekundu au wa rangi ya kahawa, kupe wameshamwambukiza, na damu yake inaharibiwa saa hiyohiyo. Hilo hutibika likiwahiwa. Likingojwa siku mbili huenda lisitibike tena. Kinga zipo za tembe, za matone ya mgongoni na za mikanda, nazo hutolewa kwa uzito, kwa hiyo mpime mbwa kwanza: panda mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako. Usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukaikadiria kwa kifuniko. Kosa dogo la kipimo ambalo ng'ombe halihisi humwua mbwa wa kilo 6.

Kwa chakula, kosa la kawaida ni ugali mtupu na maji ya supu. Kosa la pili, la wenye uwezo, ni nyama tupu. Mtoto wa mbwa anayekula nyama na ugali bila madini ya chokaa hupata mifupa laini inayopinda na hata kuvunjika. Mwaka wa kwanza ningemlisha chakula maalumu cha watoto wa mbwa, mara tatu au nne kwa siku kisha mara mbili, hata ikibidi familia ibane kwingine. Akikua, wali au ugali wenye dagaa walioondolewa chumvi, nyama, yai na mboga unamtosha ukiongezewa chakula cha mfuko, lakini mwombe daktari akuangalizie mchanganyiko wako. Asipewe vitunguu, kitunguu saumu, zabibu, chokoleti, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vyenye ncha. Matumbo na mapafu mabichi kutoka machinjioni hapana kabisa. Ndimo mbwa hupata mnyoo unaowaletea watu uvimbe wa maji kwenye ini, maradhi yaliyowatesa sana watu wa Turkana. Mbavu zake uzihisi kwa vidole bila kubonyeza. Usipozihisi, amenenepa, na magoti yake ndiyo yatakayolipa.

Mazoezi yawe nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, akiwa na kamba, maana akiona paka au panya buku masikio yake yanaziba na barabara haioni. Mombasa, Tanga au Dar, tembea kabla jua halijapanda na baada ya alasiri kupoa. Weka mgongo wa mkono wako juu ya lami, na usipoweza kuuacha hapo kwa hesabu ya tano, makanyagio yake nayo yataungua. Ngozi ya waridi ya pua, masikio na tumbo huungua pia kwa jua, na kwa mbwa weupe kuungua kwa miaka mingi huleta saratani. Mpe kivuli.

Akili yake nayo inataka kazi. Dakika tano za mafunzo mara tatu kwa siku zinamchosha vizuri kuliko saa nzima ya kubweka langoni. Mfichie chakula chini ya vikombe, wafundishe watoto wamfichie kiatu naye akitafute, mfundishe "njoo", "kaa" na "acha", na kila akitii apewe kitu kidogo papo hapo. Usimpige. Ubishi wake si dharau, na teria anayepigwa hainamishi kichwa kama mbwa wengine. Hujifunza kung'ata bila kutoa onyo. Kwa kujisaidia, mtoe nje kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, umsifu akiwa angali anafanya. Akikosea ndani, pasafishwe kimya.

Watoto wapewe sheria zao kabla mbwa hajafika, na zisiwe nyingi: mbwa anayekula asiguswe, anayelala asiguswe, na mfupa wake si wa mtu mwingine. Akiondoka chini ya meza kwenda bandani kwake, amesema amechoka, asifuatwe. Mtu mzima awepo kila wanapocheza naye, na hili halina mwisho kwa watoto wadogo. Mbwa akimngurumia mtoto, usimgombeze kwa kunguruma. Mtenganishe na ujiulize nini kilitangulia. Huo mngurumo ndio ulinzi wa mwanao.

Usipotaka kuzalisha, mhasi dume au mfunge jike kizazi kwa wakati ambao daktari wako atakushauri. Jike akiwa kwenye joto huwavuta madume wa mtaa mzima, na miongoni mwa mbwa wa mitaani kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao tiba yake ni dawa za saratani kwa wiki kadhaa.

Na jipange kwa muda mrefu. Utafiti wa Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo, London, uliochapishwa mwaka 2022, ulimweka Jack Russell juu ya aina zote zilizochunguzwa kwa umri unaotarajiwa tangu kuzaliwa, miaka 12.7, wakati buldogi wa Kifaransa alipata 4.5. Baadhi huvuka miaka 15. Mtoto wako wa darasa la pili atakuwa chuo kikuu na mbwa bado yupo, pengine haoni vizuri, meno yamepungua, anahitaji kutolewa nje usiku. Msugue meno kwa mswaki laini tangu akiwa mdogo, ili uzee huo usiwe wa maumivu, na asipakwe dawa ya meno ya binadamu, kwani baadhi zina kitamutamu chenye sumu kwake.

La mwisho ni Desemba. Familia nyingi hufunga nyumba na kwenda kijijini, na mbwa hubaki na mlinzi na gunia la unga. Panga mapema. Mkienda naye, mbuzi na kuku wa nyanya watakuwa mbele yake, kwa hiyo kamba haitoki mkononi, na kinga ya kupe awe amepewa wiki moja kabla ya safari. Gari lisimame anywe maji kila baada ya saa mbili, wala asifungiwe humo hata dakika kumi mnapokula njiani. Mkivuka mpaka, kwa mfano Namanga, beba cheti cha chanjo ya kichaa na vibali vya idara za mifugo za pande zote mbili, na anza kuvifuatilia wiki kadhaa kabla. Mkimwacha, aachwe kwa mtu anayemjua na aliyelipwa, chakula kipimwe kwa siku, na namba ya daktari wa mifugo ibandikwe mlangoni pamoja na pesa za dharura ndani ya bahasha.